Sauti nane za mtu mmoja: ufundi au ghushi?

Mwaka 1948 mpiga gitaa wa Marekani, Les Paul, alitoa wimbo wenye magitaa manane, yote kayapiga mwenyewe. Alirekodi la kwanza, akalirudia kulisikiliza huku akirekodi la pili juu yake, na kuendelea hivyo. Leo kijana hufanya kazi hiyo chumbani kwa kompyuta, na kutoa video ya kaswida ambayo yeye peke yake ndiye kundi zima. Je, huo si uongo?

Tutazame kwa uadilifu. Video ikionesha uso uleule mara nane, hakuna anayedanganyika. Lakini akinyoosha kwa programu kila sauti iliyopotoka, kisha akachukua malipo ya kughani harusini kwa sifa ya sauti ile, mambo hubadilika. Mtume (s.a.w.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumelowa, hakumlaumu muuzaji kwa mvua. Alimlaumu kwa kuficha.

Kwa hiyo, ndugu Muislamu, hukumu haiko kwenye mashine. Tuulize: aliyelipa angelijua, angelilipa? Kama asingelipa, hiyo ni ghushi, hata kama kaswida yenyewe inamsifu Mtume.