Aliye Chini ya Tuta

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeizoea, na ndani yake kuna haki iliyonyooka: ufa ni wa mzembe, ukuta ni wake, na gharama itatoka mfukoni mwake. Bwawa la udongo linaivunja hesabu hiyo. Tuta likipasuka, mwenye bwawa hupoteza maji. Anayepoteza nyumba, ng'ombe na watoto ni yule aishiye chini, ambaye huenda hajawahi hata kupanda kulitazama bwawa lenyewe.

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, karibu kila mtu ana jirani wa juu na jirani wa chini. Msitu wa upande wa kusini hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Moshi mjini haipati hata nusu yake. Maji yako juu, kiu iko chini. Wachaga walilijibu jambo hilo kwa mifongo, mifereji inayochepusha maji ya mito na kuyapeleka vihambani (mashamba ya nyumbani), ambayo wageni wa Ulaya wa karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi. Pamoja nayo kulikuwa na vijibwawa vya udongo, nduwa kwa Wachaga, ndiva kwa Wapare. Hujazwa usiku kwa maji ambayo yangepita bure watu wakiwa wamelala, kisha asubuhi hufunguliwa kwa zamu.

Ninachokiheshimu zaidi katika utaratibu ule ni sharti lake: haki ya maji haikutenganishwa na kazi ya kuyatunza. Asiyefika siku ya kuzibua mfereji alitozwa faini au alikosa zamu. Upareni kazi hiyo ya pamoja huitwa msaragambo. Ukingo wa kijibwawa ulitazamwa kila siku na watu walioutegemea, na kama ungebomoka, maji yangeingia kwenye migomba ya jirani anayejulikana kwa jina na ukoo.

Siku hizi tuta linaweza kusukumwa kwa greda kwa wiki chache na kushika maji mengi kuliko nduwa nyingi zikijumlishwa. Sherehe ya uzinduzi hufanyika, picha hupigwa, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Tangu siku hiyo maji yanaanza kulipima tuta, na hayachoki.

Bwawa la udongo halifi ghafla kama linavyoonekana kufa. Maji hujipenyeza ndani ya tuta, na kujipenyeza huko peke yake si msiba. Tuta lolote la udongo hupitisha maji kidogo. Hatari huanza maji yanayotokea mguuni mwa tuta yanapokuwa na tope, maana hapo yanabeba udongo wa ndani, na uwazi unaoachwa hutambaa kuelekea kwenye bwawa mpaka unakuwa mrija. Mti ulioachwa ukamea juu ya tuta unapendeza macho, lakini ukifa mizizi yake huoza na kuacha njia. Mchwa na fuko hutoboa. Ng'ombe wanaoshuka kunywa huchimba kijia, na kijia hicho hushusha kimo cha ukingo mahali pamoja. Mvua kubwa ya masika ikija, maji hutafuta hapo penye upungufu, yakivuka yanaanza kukata, na tuta lililojengwa kwa wiki kadhaa linaweza kwisha kwa saa chache.

Kinga ya hilo ni utoro, njia pembeni mwa tuta inayotoa maji ya ziada. Hapo ndipo penye kishawishi kikubwa. Mtu anayehofia kiangazi kirefu huona maji yakitoka utoroni na kusema yanapotea, basi anapanga viroba vya mchanga ili bwawa lishike zaidi. Kwa hesabu ya kiu yake ana haki. Amesahau tu kwamba nafasi ile aliyoiziba ilikuwa ya usalama wa mtu mwingine.

Pennsylvania, Marekani, bwawa la udongo la South Fork lilikuwa mali ya klabu ya matajiri waliopumzika ziwani. Waliweka vyuma vya kuzuia samaki wasitoroke kwa njia ya utoro. Tarehe 31 Mei 1889 mvua ilikuja, takataka zikakwama kwenye vyuma hivyo, na maji yakavuka tuta. Mji wa Johnstown, uliokuwa bondeni, ulipoteza watu zaidi ya 2,200. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, bwawa la shamba binafsi lilipasuka baada ya mvua nyingi, na watu zaidi ya 40 wakafa, wakiwemo watoto. Shamba lilikuwa juu, makazi ya watu yalikuwa chini.

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, inayogusa usalama wa mabwawa, na maji ya Kilimanjaro yanasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani. Ni jambo jema, na mwenye bwawa asiye na kibali akitafute. Ila mhandisi hawezi kuwa mguuni mwa kila tuta asubuhi ile maji yanapobadilika rangi. Anayeweza kuwa hapo ni jirani.

Nasema basi kwamba kila kamati ya bwawa iwe na wajumbe kutoka kwa wale wasiopata hata ndoo moja ya maji yake, lakini nyumba zao ziko kwenye njia ya maji hayo. Wapewe haki ya kulikagua tuta kabla ya masika na kabla ya vuli, na neno lao la kufungua utoro lisipingwe na mwenye kiu. Wazee wetu walifunga haki ya maji na jasho la kuyatunza. Sisi, tunaojenga matuta marefu kuliko yao, tuna deni la kuifunga pia na uhai wa aliye chini.