Nafasi Iliyo Wazi Kwenye Duara

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba wake.



Nataka tuzungumze juu ya mihadhara ya wazi na semina za hapa chuoni. Matangazo yanabandikwa ukutani, na sisi tunapita. Akija sheikh, ukumbi hautoshi. Akija mtaalamu wa maji, wa kilimo au wa sheria, utatukuta wawili watatu, tena mstari wa nyuma, karibu na mlango. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa hiyo ni elimu ya dunia, au haimo kwenye mtihani. Neno lenyewe linatushtaki: mhadhara na kuhudhuria vimetoka shina moja la Kiarabu.

Abu Waqid al-Laythi, Allah amridhie, amepokea kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa amekaa msikitini na watu, wakaja watu watatu. Mmoja akaenda zake. Wa pili akaona nafasi iliyo wazi kwenye duara, akaingia akakaa. Wa tatu akakaa nyuma ya watu. Mtume alipomaliza akawaeleza habari zao: aliyeingia kwenye duara alikimbilia kwa Allah, na Allah akampokea, aliyekaa nyuma aliona haya, na Allah akamstahi, aliyeondoka alipa mgongo, naye akapewa mgongo. Najua kikao kile kilikuwa cha dini, wala sisemi kwamba ukumbi wa chuo ni sawa na msikiti wa Madina. Lakini adabu ya kuketi mbele ya elimu tumefunzwa pale. Na Suratul Mujadala, aya ya 11, imewaamuru waumini wapeane nafasi katika vikao, kisha hapo hapo ikataja kupandishwa daraja kwa waliopewa elimu.

Tazameni mtu wa kwetu pwani, Ali Mazrui wa Mombasa, mtoto wa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Matokeo yake ya shule yalikuwa hafifu, na Makerere haikumpokea. Akawa karani. Siku moja ya Maulidi akasimama kuhutubia, na Gavana wa Kenya, Philip Mitchell, alikuwapo akisikiliza. Hotuba ile ilimfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1966 alisimama Makerere ile ile, sasa akiwa profesa, akitoa mhadhara wake wa uzinduzi. Mwaka 1979 BBC ikamkabidhi mihadhara ya Reith. Unaweza usikubaliane na mengi aliyoyasema, na wako masheikh wasiokubaliana nayo, ila huwezi kusema hakuwapo.

Sasa niseme linaloniuma. Mimi natoka Gikundamvura, wilaya ya Rusizi, kwenye bonde la Bugarama, karibu na pale Rwanda inapokutana na Burundi na Kongo. Ni bonde la chini na la joto. Watu wanalima mpunga kwa maji ya mto Rubyiro. Mhadhiri anaposimama kuzungumza juu ya mpunga, malaria au biashara ya mpakani, anawazungumzia mama zangu na baba zangu wadogo. Anaonyesha majedwali, watu wanapiga makofi. Kama ukumbini hakuna hata mmoja aliyewahi kushinda kwenye matope, nani atamuuliza yule mwenye jaruba la mwisho wa mfereji anapata nini kiangazi? Atarudi ofisini akiamini mambo ni kama yalivyo kwenye jedwali. Na uamuzi utaandikwa hivyo hivyo.

Kuuliza nako ni kufundisha. Jibril alipokuja kwa sura ya mtu, akauliza juu ya Uislamu, imani na ihsani, Mtume aliwaambia masahaba kwamba amekuja kuwafundisha dini yao. Alifundisha kwa maswali! Wengi wetu tunaogopa Kiingereza, ambacho tangu 2008 ndicho kilichochukua nafasi ya Kifaransa madarasani. Basi andika swali kwenye daftari kabla, usome kama lilivyo. Atakayecheka, mwache acheke.

Na dada zetu wasiambiwe kwamba haya inawazuia. Wanawake wa Madina walimwambia Mtume kuwa wanaume wamewazidi katika kumfikia, wakaomba siku yao, akawapa. Bibi Aisha, Allah amridhie, aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini. Kaka unayekaa viti vinne na mkoba wako, soma tena aya ya kupeana nafasi.

Limebaki la swala, maana kuna mihadhara inayoangukia Magharibi. Hilo si sababu ya kutokwenda. Kiongozi wa jumuiya aende kwa waandalizi siku mbili kabla, aombe mapumziko mafupi. Si ombi kubwa. Wasipokubali, toka, swali, rudi, na jirani akulindie kiti.

Wabillahi tawfiq.