Kidonda Kinataka Maji, Kisha Kinataka Macho

Wajukuu zangu, na nyinyi wengine mnaoniita bibi,

Sasa mmetawanyika. Huyu kapanga chumba Mbagala, yule yuko gereji Arusha, mwingine analala bweni la chuo. Zamani mtoto akijikata na panga alikuja mbio kunionyesha kabla hata hajaanza kulia. Siku hizi mnajikata peke yenu, mnajifunga peke yenu, na habari zinanifikia mguu ukiwa umeshavimba. Nimekuwa muuguzi huku pwani mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa chumba cha kusafishia vidonda. Basi yale ambayo ningewaambia barazani nawaandikia hapa, mkae nayo huko mliko.

Mshike kwanza kwamba kidonda huponywa na mwili wenyewe. Damu huganda, nyama huinuka kutoka chini, ngozi mpya hutambaa kutoka ukingoni mpaka ikutane katikati. Hakuna dawa ya kupaka inayofanya kazi hiyo. Wewe umebakiwa na mambo mawili: kuondoa uchafu, na kukitazama kila siku. Vidonda vingi nilivyoona vikigeuka donda ndugu vilianza vidogo kabisa. Kilichoviharibu ni kitu kilichopakwa juu yake, au kitambaa kilichofungwa wiki nzima bila kufunguliwa.

Ukijikata, nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa jeraha. Damu ikiwa inatoka, weka kitambaa safi na ubonyeze kwa nguvu, dakika 10 mfululizo, ukiangalia saa. Usifunue kuchungulia, maana kila ukifunua unabandua damu iliyokwisha kuganda na unaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, usikitoe cha kwanza. Kama ni mkono au mguu, uinue juu. Damu nyingi husimama hivyo. Ikiwa inaruka kwa vishindo, au dakika 10 zimepita na bado inachuruzika, endelea kubonyeza huku mwenzako anatafuta usafiri.

Damu ikishasimama, ndipo maji. Nataka maji mengi yanayotiririka, dakika kadhaa, yaingie mpaka ndani ya mdomo wa kidonda. Bomba linatosha. Kama hakuna bomba, chukua chupa safi ya maji, toboa kifuniko kwa sindano iliyochemshwa, kisha ibane maji yatoke kwa nguvu. Maji unayoweza kuyanywa bila wasiwasi ndiyo yanayofaa kuoshea kidonda. Ya kisima yachemshe, yafunike, yapoe. Sabuni pitisha kwenye ngozi inayozunguka. Walioanguka na bodaboda wana kazi zaidi, kwa sababu mchanga na lami hukwama kwenye mchubuko, na usipoutoa siku hiyohiyo utatunga usaha au utabaki chini ya ngozi kama chale. Toa unaoonekana kwa kibanio kilichochemshwa. Lakini kipande cha kioo, chuma au mti kilichozama ndani usikivute. Huenda hicho ndicho kinachozuia damu. Kifunge kisitikisike, uende hospitali nacho.

Hapa lazima nizungumze kuhusu spiriti, maana najua kila mmoja wenu ana kichupa. Wengi mnaamini kwamba kinachochonota ndicho kinachotibu. Sivyo. Spiriti huua vijidudu, ni kweli, na huunguza pia ile nyama changa inayojaribu kuota. Itumieni kusafishia kibanio. Na kama spiriti haifai, mafuta ya taa yatafaa vipi? Mafuta ya breki je, ambayo vijana wa gereji wanayasifia? Majivu, kahawa, unga wa betri, tumbaku iliyotafunwa, kinyesi cha ng'ombe, vyote hivi nimeviosha kutoka kwenye vidonda vya watu. Kinyesi na udongo ndivyo vya kuogopwa zaidi, na sababu nitaisema hivi punde.

Kuna na kile kidonge cha antibiotiki cha rangi mbili. Mtu anakifungua, anamwaga unga kwenye kidonda, anaridhika akiona kumekauka. Kilichokauka ni unga. Umefanya gamba, na chini ya gamba usaha unaendelea kujikusanya. Dawa ile ilitengenezwa imezwe, kwa ugonjwa uliopimwa na kwa idadi ya siku zilizoandikwa. Ukiichezea hivi unavifundisha vijidudu kuizoea, na siku utakapoihitaji kwa dhati haitakusaidia. Mtaniuliza kuhusu asali. Asali iliyosafishwa maalumu hutumika hospitalini kwa vidonda, siwezi kuikana. Ile ya chupa ya sokoni, ambayo hujui imechanganywa na nini, nyweeni na chai.

Kidonda kikishakuwa safi, kifunikeni. Najua mmelelewa na maneno ya “kiache kipate hewa kikauke.” Mwaka 1962 mtafiti Mwingereza, George Winter, alionyesha kwa majeraha kwenye ngozi ya nguruwe kwamba yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliota ngozi haraka kuliko yaliyoachwa wazi yakafanya kigaga. Ngozi mpya hutambaa vyema palipo na unyevu. Kigaga kikavu huilazimisha ichimbe njia chini yake. Paka mafuta ya mgando kidogo tu, weka plasta au kitambaa safi kilichopigwa pasi, ufunge bila kukaza. Vidole vikifa ganzi au vikawa vya baridi, umekaza mno. Badilisha kila siku, na mapema zaidi kikilowa au kikichafuka. Kikinata, kiloweshe mpaka kiachie chenyewe. Ukikivuta unajitonesha na kurudi nyuma siku mbili.

Kwa kuwa nimezitaja bodaboda, niseme na kuhusu ule moto wa bomba la moshi unaowachoma ndani ya muundi mnaposhuka upande wa kulia. Kuungua kunataka maji ya kawaida yanayotiririka, dakika 20 kamili, hata kama maumivu yamepungua mapema. Barafu hapana. Dawa ya meno hapana, yai hapana. Malengelenge usiyapasue, yale ni kifuniko ambacho mwili umejitengenezea. Ukiungua usoni, kiganjani, sehemu za siri au kwenye kiungo, au mahali pakiwa peupe na hapaumi, usikae nyumbani.

Sasa pepopunda. Watu husema inaletwa na kutu ya msumari. Kutu haina kosa. Vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenda tundu jembamba lenye kina ambako hewa haifiki: msumari, mwiba, mfupa wa samaki, hata kitundu kilichoachwa na funza aliyechimbuliwa kwa pini chafu. Ndiyo maana maji hayatoshi kwa jeraha la namna hiyo, hata likiwa dogo kama punje ya mtama. Dalili huweza kuja siku ya 3 au wiki ya 3, pengine tundu lenyewe limeshafunga: taya linakaza, mdomo haufunguki, shingo na mgongo vinakakamaa. Ikifika hapo ni vita ya wodini, na si wote hushinda. Waswahili walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Kwa pepopunda hasara inaweza kuwa kubwa kuliko mguu.

Mlichanjwa mkiwa wachanga. Kinga hiyo hupungua na miaka. Wanawake hukumbushwa kliniki wakiwa wajawazito. Nyinyi wanaume hamna anayewakumbusha, na wengi mara yenu ya mwisho kuchomwa ilikuwa mgongoni mwa mama. Kwa hiyo ukikanyaga msumari, ukikatwa na jembe, jeraha likiingia udongo au samadi, osha kisha nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uulize sindano ya pepopunda. Ukichomwa, andika tarehe kwenye simu yako. Jeraha safi linataka sindano kama miaka 10 imepita tangu ya mwisho, na jeraha chafu kama imepita 5. Usipoweza kukumbuka, wahudumu wataamua.

Jeraha lililoachama, ambalo midomo yake haikutani, au unaona mafuta ya njano au weupe ndani, linataka kushonwa. Nenda ndani ya saa chache za mwanzo. Ukija kesho yake huenda wakaliacha wazi lijiponye polepole na kovu pana. Nenda pia kama ni la usoni au juu ya kiungo, kama kidole hakikunjiki, au ng'ambo ya jeraha pamekufa ganzi. Hapo mshipa unaweza kuwa umekatika, na mshipa haujiungi nyumbani.

Na wewe uliyempiga mwenzako ngumi ya meno, nakusema wewe hasa. Kile kijitundu juu ya fundo la kidole kinaonekana si kitu. Jino limeingia mpaka kwenye kiungo na kuacha uchafu wa kinywa humo, na ukikunjua vidole tundu linafungika nao ndani. Vijana huficha jeraha hili kwa aibu, au kwa kuogopa kuulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Siku ya tatu mkono umekuwa kama andazi. Aibu ya ugomvi itapita, mkono unauhitaji kwa kazi. Damu ikiwa inachuruzika tangulia hospitali, ndugu atafuata fomu polisi.

Nilisema kidonda kinataka macho. Mnapokifungua kila asubuhi mtazame nini? Vitabu vingi vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi zetu wekundu hufichika. Ngozi huwa nyeusi zaidi, au ya zambarau, ikang'aa kwa kuvutika. Basi tumieni mkono. Weka mgongo wa kiganja karibu na kidonda, kisha uweke mahali palepale upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto. Chora kwa kalamu ukingo wa uvimbe; kesho ukiuvuka mstari, umeenea. Maumivu ya kawaida hupungua siku hadi siku. Yakiongezeka baada ya siku ya pili, kidonda kikapwita usiku hata usilale, kikatoa usaha au harufu, ukapata mtoki kinenani au kwapani, ukaona mstari unapanda kuelekea mwilini, au homa na kutetemeka, usingoje Jumatatu. Homa yenye kidonda msiiite malaria kabla hamjapimwa.

Babu yenu ana kisukari, na wengi wenu mna mzee wa namna hiyo nyumbani. Mguu wake umekufa ganzi, haumwambii kitu. Anaweza kutembea na kokoto ndani ya kiatu kutoka asubuhi mpaka jioni. Aliye naye amtazame nyayo na katikati ya vidole kila jioni, kwa kioo au kwa tochi ya simu. Asikandwe kwa maji ya moto, na lengelenge lolote, hata la malapa mapya, lipelekwe kituoni kesho yake. Kwa mzee huyu hakuna kidonda kidogo. Nimeona mguu ukikatwa kwa ajili ya kucha iliyokatwa vibaya.

Wavuvi wa upande wetu wanajua mwiba wa samaki aitwaye taa. Sumu yake hupunguzwa nguvu na joto: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, ukiyapima kwanza kwa mkono usioumia, nusu saa hadi saa moja na nusu, huku ukiandaa safari ya zahanati, kwa sababu vipande vya mwiba hubaki ndani. Nyoka ni tofauti kabisa. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba, usikande. Mguu ulazwe usitikiswe, mtu abebwe mara moja.

La mbwa nimelibakiza kwa sababu ndilo lisilo na nafasi ya pili. Mbwa akikuuma, au akikukwaruza na meno yake, hata kidogo, hata kama ni wa jirani, osha kwa sabuni na maji dakika 15, kisha nenda siku hiyohiyo. Paka na bweha pia. Kirusi cha kichaa cha mbwa hutambaa kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na mara nyingi huchukua miezi 2 au 3 kabla ya dalili. Mwendo huo wa polepole ndio unaotuokoa, maana chanjo ikianza mapema hukitangulia. Louis Pasteur alilithibitisha hilo Julai 1885 kwa Joseph Meister, mtoto wa miaka 9, aliyechanjwa baada ya kuumwa, akakua akawa mtu mzima. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa. Sindano ni kadhaa, kwa tarehe watakazokuandikia. Usiache ya mwisho kwa sababu unajisikia mzima. Ukiambiwa chanjo imekwisha kituoni, uliza ipo wapi uende huko leo, na kama nauli hakuna, nipigieni simu hata usiku wa manane.

Mkifika kwa mhudumu, mwambieni waziwazi: nimeumia lini, kwa kitu gani, wapi, sindano ya pepopunda nilichomwa lini, nina kisukari au sina, dawa gani naimeza. Na mwambieni mlichopaka, hata kama ni mafuta ya breki. Anauliza apate kujua aoshe nini.