Wale Wasiomo Katika Orodha
Somo: 2 Samweli, sura ya 9



Twazidi kuwaona waumini wa parishi yetu wakifunga safari kwenda kukutana na wale waliosoma nao zamani. Waliomaliza Kidato cha Nne mwaka 1975 wametimiza miaka hamsini tangu walipofunga masanduku yao ya bati na kupanda magari ya kurudi makwao, na wengi wao wameona vema waonane tena kabla Bwana hajawaita. Jambo hili ni jema, nasi twalipenda. Wazee wenye vipara na mikongojo wanapoitana kwa majina ya utani ya bwenini, wakikumbushana kengele ya alfajiri na maharage yenye wadudu, hatuoni kwa nini Mkristo aione haya furaha ya namna hiyo. Lakini kabla ya siku yenyewe iko kazi ya kutafutana, na katika kazi hiyo liko jambo linalofaa tulitazame kwa nuru ya Neno la Mungu.

Vijana wetu labda huuliza, watu waliokula sahani moja miaka minne walipoteanaje? Basi na wajue habari za siku zile. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule za misheni zilizokuwa zikipata msaada wa Serikali zilitwaliwa na Serikali, na watoto wakapangwa shuleni bila kuangalia dini wala kabila wala mkoa. Mtoto wa Newala alijikuta Tabora, wa Bukoba akapelekwa Pugu au Minaki, Mpare akalala kitanda cha juu na Mnyamwezi kitanda cha chini. Jambo hilo lilitujenga kuwa taifa moja. Lakini siku ya kuagana kila mmoja alikwenda njia yake, mwendo wa siku mbili au tatu kwa garimoshi na basi, na anwani aliyomwachia mwenzake ilikuwa sanduku la posta la misheni au la shule ya msingi iliyo karibu na kwao. Na miaka ileile watu walikuwa wakihamia vijijini, kwa maana mwaka 1973 ilitolewa amri kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 watu wote wa mashambani wawe wanakaa katika vijiji. Barua ikafika mahali ambapo nyumba haipo tena. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983, na kijana aliyekuwa ameajiriwa na Reli huko Nairobi au na Bandari huko Mombasa akawa kama amevuka bahari. Vita vya Kagera navyo vikaja mwaka 1978. Basi hawa hawakupoteana kwa kukosa upendo.

Siku hizi kutafutana kumekuwa kwepesi kwa ajili ya simu. Mmoja huanzisha kundi la WhatsApp, humwingiza anayemjua, na huyo naye humwingiza mwingine, na kwa juma moja majina ishirini yamepatikana. Nasi tumetazama ni nani hao wanaopatikana upesi. Hupatikana kwanza aliyekuwa Mkurugenzi, na daktari, na yule aliyekaa Bungeni, kwa kuwa hao kila mtu alijua waliko. Kisha hupatikana wakaao mijini. Ikifika hapo kundi hutulia, watu huanza kuulizana rangi ya fulana na kiasi cha mchango wa ukumbi, na yale majina yasiyopatikana huwekewa alama ya kuuliza. Baada ya miezi miwili hata ile alama hakuna anayeitazama.

Lakini wako wengine ambao hawakuwekewa hata alama ya kuuliza. Mama mmoja wa hapa kwetu ametupa ruhusa tusimulie habari hii bila kutaja watu wala shule. Yeye alikuwa katika kamati ya darasa lake, shule iliyokuwa na wavulana na wasichana. Wakaletewa orodha ya waliomaliza, naye alipoisoma akaona jina moja halimo. Akauliza. Mjumbe mmoja akajibu, “Nani? Yule aliyefukuzwa kwa mimba?” Mwingine akasema, “Huyo hakumaliza, orodha ni ya waliomaliza.” Wakaendelea na habari ya ukumbi.

Wote twajua jinsi ilivyokuwa. Kwa miaka mingi msichana aliyeonekana kuwa na mimba aliondolewa shuleni, wala hakurudi. Ni Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua waruhusiwe kurudi katika shule zake. Msichana huyu aliondoka Kidato cha Tatu, asubuhi moja, wenzake wakiwa darasani. Waliporudi bwenini walikuta kitanda kimebaki mbao tupu. Mvulana hakutajwa, kwa maana yeye mwenyewe alikataa kumtaja. Wenzake walimjua. Alifanya mtihani wake pamoja na wengine, na jina lake limo katika orodha.

Basi ndugu, tufungue Kitabu cha Pili cha Samweli. Daudi amekwisha kuketi katika ufalme wake, adui zake wametulia, naye akakumbuka agano alilofanya na rafiki yake Yonathani katika ujana wao, kwamba hataacha kuwatendea wema watu wa nyumba yake. Tena alikumbuka akiwa amechelewa. Yule Mefiboshethi mwana wa Yonathani alikuwa mtoto wa miaka mitano siku ile habari ya kifo cha baba yake ilipokuja, na sasa Daudi anapouliza, yeye mwenyewe ana mtoto. Miaka yote hiyo kati yao hapana barua wala salamu. Kwa hiyo asiseme mtu, “Tumechelewa mno, tutaanzia wapi?” Daudi alianzia kwa kuuliza.

Aliyeulizwa ni Siba, mtumishi wa nyumba ya Sauli. Na tafadhali mlitazame jibu lake. Asema kwamba yuko mwana wa Yonathani aliyelemaa miguu. Jina hakulitaja. Alitaja kilema. Je, si vivyo hivyo ilivyosemwa katika ile kamati? Jina la msichana lilikuwa limepotea vinywani mwa watu, likabaki lile lililompata. Daudi hakuuliza amelemaa namna gani, wala kwa kosa la nani, wala kama ataweza kupanda ngazi za nyumba ya mfalme. Aliuliza mahali alipo. Na yule mtu alipoletwa mbele yake, mfalme alimwita kwa jina lake.

Kilema hicho nacho kina habari yake, nayo imeandikwa nyuma, katika sura ya 4. Mlezi wake alimbeba mtoto akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka. Hakujilemaza mwenyewe. Aliangushwa na mtu aliyepaswa kumshika. Wako wengi katika madarasa yetu ya zamani waliolemaa kwa namna hiyo: aliyeacha masomo kwa kuwa baba alikufa na wadogo zake wakabaki mikononi mwake, aliyesingiziwa wizi akarudishwa kwao, na huyu binti. Tena wako wasioangushwa na mtu, ila maisha yamewashinda tu, pombe au ugonjwa, nao wanaona haya kukaa meza moja na wale waliokuwa wakiwanakilisha hesabu.

Mefiboshethi alikuwa akikaa Lo-debari, ng'ambo ya Yordani, katika nyumba ya mtu aitwaye Makiri mwana wa Amieli. Kila aliyepotea yuko nyumbani mwa Makiri wake, mtu aliyemtunza siku ambazo wenzake hawakuuliza. Ukimpata rafiki yako wa zamani, msalimu na huyo. (Makiri huyu alikuwa mtu mwema kwelikweli: Daudi alipomkimbia Absalomu, yeye ni mmoja wa wale waliomletea vitanda na chakula jangwani. Wanakamati wa leo wangemweka kuwa mweka hazina.)

Yule mama wa kwetu alimtafuta mwenzake kwa miezi minne. Jina la shuleni halikumsaidia, kwa kuwa kijijini hakuna anayemwita mwanamke mtu mzima kwa jina la shuleni. Huitwa mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aliandika kwa Padre wa parishi ile ya mbali, naye akaisoma barua katika matangazo baada ya Misa, akitaja jina la baba wa binti na mwaka aliokuwa shuleni. Bibi mmoja akasimama akasema, “Huyo ni mama fulani, anashona nguo pale gulioni.” Basi jina lililompatisha lilikuwa la mtoto yuleyule ambaye kwa ajili yake alifukuzwa.

Walipozungumza kwa simu mara ya kwanza alinyamaza kwanza, kisha akasema, “Lakini mwenzangu, mimi sikumaliza pale.” Mama wa kwetu akamjibu, “Kitanda chako kilikuwa karibu na changu. Sikutafuti kwa ajili ya cheti.” Wakacheka, wakalia kidogo. Kisha akauliza, “Je, yeye atakuwapo?”

Hapo ndipo tunapotaka tusimame, maana swali hili haliwezi kujibiwa kwa kusema kwamba ni mambo ya zamani. Mefiboshethi naye alipoingia kwa mfalme aliogopa, hata akaanguka kifudifudi, kwa kuwa mjukuu wa mfalme aliyeondoka hakuzoea kuitwa kwa wema. Na Daudi kabla ya kumpa kitu chochote alimwondolea hofu. Kisha alimrudishia mashamba ya Sauli babu yake, akamwagiza Siba na wanawe kumi na watano na watumwa wake ishirini wamlimie. Wema ule ulikuwa na gharama. Twalisema hili kwa sababu wako watu waogopao kuwapata wenzao maskini, wakisema moyoni, “Nikimpata ataniomba.” Huenda ataomba. Daudi hakungoja kuombwa.

Kwa hiyo twawasihi ninyi mlio katika kamati hizi. Orodha ya darasa ianze na walioingia Kidato cha Kwanza, si na waliotoka Kidato cha Nne. Mchango wa fulana na ukumbi usiwe mlango wa kumzuia mtu. Nauli ya asiyekuwa nayo itolewe na wawili watatu wenye uwezo, kwa siri, isitajwe katika kundi wala katika hotuba. Mkimpata mtu msianze kwa kumwuliza siku hizi ana kazi gani. Na asiyetaka kuja aachwe kwa amani, ila salamu zisikatike. Wengine huja mwaka wa pili, na wengine hawaji kamwe lakini hufurahi kwamba waliitwa.

Na kwa wanaume twasema neno moja zaidi. Ikiwa kuna mwanamke ambaye jina lake halimo katika orodha kwa sababu yako, usingoje siku ya mkutano. Wala usisimame siku ile na kipaza sauti ukaomba msamaha mbele ya watu wote. Huko ni kumfukuza mara ya pili, kwa makofi. Nenda kwanza kwa Padre wako. Kisha mtume mtu anayeaminiwa na mwanamke huyo, aulize kama yuko tayari kupokea barua yako. Akikataa, kaa nyumbani siku ya mkutano, yeye aende. Na yule mtoto, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye watoto wake, ana haki yake pia, nayo haimalizwi kwa barua.

Mama wa kwetu hakuwa na jibu la lile swali. Alisema tu, “Sijui, lakini nitakuja kwako kwanza,” naye akapanda basi akaenda, akalala siku mbili, akashonewa gauni. Mkutano wao utakuwa baada ya mavuno. Mpaka tunapoandika haya yule mwenzake hajasema kama atakwenda, wala hatumhimizi. Jina lake limekwisha kuandikwa katika orodha, mahali pake, kwa alfabeti. Tumuombee, na aliye karibu naye amuombee kwa jina.

Sasa habari ya marehemu. Waumini kadhaa wametuuliza kama majina ya wenzao wa darasa waliofariki yaweza kusomwa katika Misa ya Siku ya Marehemu Wote, tarehe 2 Novemba. Yaweza. Mleteeni Padre karatasi kabla ya Jumapili iliyotangulia, iandikwe kwa wino na kwa herufi kubwa, majina ya waliomaliza shule na ya wasiomaliza pamoja. Na kama kuna ambaye jina lake la ubatizo limesahauliwa na wote, likabaki lile la utani alilopewa bwenini, liandikwe hilohilo, nalo litasomwa.