Kabla ya Kuvuta Wavu

Wajukuu zangu, mnaniambia kazi ya ziwa haiwaachii nafasi ya kusali. Uchovu wenu nauamini. Habari ya nafasi siiamini, maana kijana wa Kipili anayevua dagaa hungoja kuliko hata padre. Jua likizama mnaingia ziwani, mnawasha taa, kisha mnakaa. Dagaa huja wenyewe kwenye mwanga, na mpaka wajikusanye vya kutosha hakuna cha kufanya. Sasa mnafanya nini hapo? Mmoja anasinzia, mwingine anapiga muziki wa simu mpaka chaji inakwisha, wa tatu anasimulia mkeka wake wa kubeti uliochanika.

Siwakatazi maongezi. Nasema tu, taa zikishawaka, nyamaza kidogo, uwataje mbele za Mungu waliolala nyumbani, mmoja mmoja kwa jina. Hiyo ni sala kamili. Usipige magoti mtumbwini, utawamwaga wenzako. Na wakisema "vuta", iache hapo ilipofika, hata kama ni katikati ya Baba Yetu, ukavute. Mungu hatakasirika, mwenye chombo atakasirika.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Mapadre Weupe walifika Karema mwaka 1885, wakaja na sala ya Malaika wa Bwana, inayosaliwa mara 3 kwa siku kengele ikilia: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Haichukui hata muda wa maji kuchemka. Kama kengele haikufikii uliko, simu yako inalia kutwa kwa mambo ya watu. Itege ilie na kwa hili.

Binti unayeanika dagaa mchangani, mikono yako inajua kugeuza bila kuambiwa. Kumi moja la rozari linaenda na kazi hiyo vizuri, na shanga si lazima.

Halafu kuna sokoni, ambako ndimi zenu ni kali mno. Nehemia aliulizwa na mfalme wa Uajemi anataka nini. Akamwomba Mungu kwanza, ndipo akajibu, na hatusomi kwamba mfalme alichoka kungoja. Mteja wa Kirando akikutajia bei ya matusi, una nafasi kama ile ile kabla hujafungua kinywa.

Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, niliwasikia vijana wakisema sasa watasali mpaka wachoke. Jumuiya yetu sikuiona ikijaa. Sishangai. Asiyezoea kukaa na Mungu dakika chache akiwa kazini, ukimpa miezi 3 ataijaza kwa bao na usingizi. Ndiyo maana sihimizi mfungo mkubwa wala mkesha kwa anayeanza. Aanze na kule kungoja dagaa.

Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu juu ya dagaa, na mitumbwi inabaki ufukweni. Mbalamwezi ijayo, anayetaka aje kwangu jioni kabla ya kula. Tutakaa kimya kidogo, tutasali kumi moja tu, kisha ugali. Simu mtaziacha kwa bibi yenu mlangoni, na msijaribu kumbembeleza.