Uliitengeneza Peke Yako?

Mwaka jana niliandikia chama cha shangazi yangu programu ndogo ya kuhesabu michango na mikopo. Siku ya kuionyesha, akina mama walizunguka meza sebuleni. Nikabofya kitufe cha "Hifadhi", jedwali likajaa majina. Shangazi akauliza, "Hii yote umeitengeneza peke yako?" Nikasema ndiyo. Makofi.

Sasa, ukweli ni huu. Hesabu niliziandika kwa C, lugha inayogeuzwa kuwa lugha ya mashine kabla ya programu kuanza kazi. Lakini C yenyewe haijui dirisha ni nini. Kila kitufe walichokiona kilichorwa na Tk, zana za lugha ya skripti iitwayo Tcl, ambayo John Ousterhout alianza kuiunda mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Programu yangu huiwasha Tcl ndani yake kwa Tcl_CreateInterp, kisha huipa maagizo kwa maandishi tu: weka kitufe hapa, kikibofywa niite. Ikifika Tk_MainLoop, basi, Tk ndiye mwenye nyumba. C yangu hukaa kando ikingoja kuitwa.

Si ati niliiba. Leseni yao haidai hata shilingi, mradi usifute notisi ya hakimiliki na uisambaze pamoja na kazi yako. Na anayepika ugali haulizwi kama alilima mahindi. Hivyo ndivyo nilivyojitetea kwa muda.

Lakini binamu yangu alikuwa pale sebuleni, amemaliza Form Four juzi tu. Alirudi kwao, akaazima kompyuta, akajaribu kuchora kitufe kwa C tupu, kwa sababu nilisema nilifanya kila kitu mwenyewe. Wiki 3. Alichopata ni skrini nyeusi yenye maandishi. Akaniambia, "Hizi vitu si za watu kama mimi."

Hiyo sentensi ilininyima usingizi. Ousterhout hakupoteza chochote kwa uongo wangu. Aliyeulipia ni kijana aliyejipima kwa kipimo ambacho hata mimi sikukifikia. Mpishi halazimiki kumtaja mkulima kwa kila sahani, sawa. Lakini akiulizwa kama alilima, naye akakubali, kuna mtu ataondoka hapo akatafute jembe wakati alihitaji unga tu.

Nilimwita binamu, nikamfungulia faili, tukasoma mstari kwa mstari mahali C inapozungumza na Tcl. Alinyamaza kidogo. "Kwani ungesema tu?" Sikuwa na jibu.

Jioni hiyo niliongeza dirisha dogo la "Kuhusu": Tcl/Tk, waliyoiunda, leseni yao. Mkutano uliofuata, shangazi akaliona, akavaa miwani. "Huyu Ousterhout ni nani? Amechanga?"

Nikamwambia alichanga kitambo, kabla chama hakijaanza.