Ugonjwa Usio na Ushahidi

Nimerudia kuangalia msimu wa nne wa The Crown, ule wa mwaka 2020, ambao Emma Corrin anamwigiza Diana. Kabla ya vipindi vitatu vya msimu huo mtazamaji anapewa onyo kwamba ataona mambo yanayohusu maradhi ya ulaji. Na kweli anayaona. Diana anakula vitamu kwa pupa mbele ya jokofu, kisha tunamkuta amepiga magoti chooni anatapika. Mwigizaji amejitahidi, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kamera, au tuseme na sisi tunaoitumikisha hiyo kamera. Mbona hatuamini kwamba mtu anaumwa mpaka tuone matapishi yake?

Diana mwenyewe, yule wa kweli, aliligusa jambo hili kwenye televisheni. Novemba 20, 1995, katika kipindi cha Panorama cha BBC, mbele ya watazamaji zaidi ya milioni 20 nchini Uingereza, alisema kwamba aliishi na bulimia kwa miaka kadhaa. Akaitofautisha na anoreksia. Mwenye anoreksia anasinyaa na watu wanamwona, lakini mwenye bulimia uzito wake unabaki palepale, kwa hiyo anaweza kujifanya mzima siku zote. Hakuna ushahidi. Alieleza pia kwamba alikuwa akirudi nyumbani akiwa ameshinda anafariji watu wengine, asijue namna ya kujifariji yeye, basi kimbilio lake likawa jokofu. Kujaza tumbo kulikuwa kama kukumbatiwa na mtu. Faraja ile haikudumu, na iliyofuata ilikuwa ni kujichukia.

Sasa angalia tulichoonyeshwa usiku ule: mwanamke ameketi kwenye kiti, anaongea. Hakuna choo, hakuna mizani, hakuna mbavu zinazohesabika. Mimi naona hiyo ndiyo picha ya kweli zaidi ya maradhi ya ulaji niliyowahi kuiona kwenye televisheni, na haina picha yoyote ya ugonjwa wenyewe.

Lakini televisheni kwa kawaida haina subira ya aina hiyo. Inataka ushahidi, na ndiyo maana siku zote imeipenda anoreksia kuliko ndugu zake. Mwaka 1981 kituo cha ABC cha Marekani kilirusha filamu ya The Best Little Girl in the World, na Jennifer Jason Leigh akajikondesha sana ili aigize msichana anayekataa chakula. Mwaka 2017 Netflix ikatoa To the Bone, na Lily Collins naye akapunguza mwili kwa ajili ya kazi. Hapa pananikaba kooni, kwa sababu Collins aliwahi kuumwa maradhi hayohayo ujanani mwake. Mwongozaji wa filamu hiyo, Marti Noxon, naye aliwahi kuumwa. Yaani hawa si wageni waliokuja kupiga picha msiba wa watu. Ni wenye msiba. Walisema mwigizaji alikuwa chini ya uangalizi wa mtaalamu wa lishe, na sina sababu ya kuwakatalia. Hata hivyo, filamu inayotuambia kwamba kujinyima ni ugonjwa ilimhitaji mtu aliyepona ajinyime tena, la sivyo tusingesadiki.

Msichana mwenye anoreksia, akisimama mbele ya kioo, hajitazami kama mtu mzima mmoja. Anajitazama kwa vipande: bega, kiuno, paja. Kamera ya filamu hizi nayo inampitia kwa vipande hivyohivyo, tena kwa mwanga mzuri. Sisi tulioketi sebuleni tunadhani tunamhurumia, kumbe tumeazimwa jicho lile lile linalomtesa. Tunampima. Tunajiuliza amekonda kiasi gani, na kama amekonda vya kutosha kustahili huruma yetu. Riwaya inaweza kukupa mawazo ya mtu kurasa mia mbili bila kukuonyesha kifundo cha mkono wake. Televisheni haitaki kuhangaika hivyo.

Kwetu kuna kikwazo kingine. Kiswahili kimezoea kusoma mwili kwa namna yake: aliyenenepa amenawiri, maisha yamemkubali, aliyekonda ana shida, ana njaa, au miaka ile ya hofu ya UKIMWI, ana jambo watu hawalitaji kwa sauti. Kukonda huku friji imejaa hakuna pa kukaa katika hesabu hiyo. Ndiyo maana filamu kama hizi zikiwekwa sebuleni lazima atokee wa kusema, "Huyo apelekwe kijijini akalime, atakula tu." Watu wanacheka. Mimi pia nimecheka, maneno yenyewe yana utamu. Lakini Diana alisimulia kwamba hata kwenye meza ya kifalme aliambiwa kuwa chakula alichokila atakwenda kukipoteza baadaye. Sebule yetu na kasri la Uingereza zinasema lugha moja: huu si ugonjwa, huyu anachezea chakula.

Kisha kuna wale ambao televisheni haiwaiti wagonjwa kabisa. Ugonjwa wa kula kupita kiasi bila kujizuia uliingizwa rasmi kama ugonjwa unaojitegemea katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Wakati huo kipindi cha The Biggest Loser kilikuwa kimeanza tangu 2004: watu wanene wanapandishwa kwenye mizani kubwa mbele ya umati, wanabanwa chakula na kufanya mazoezi mpaka wanatapika, na anayepungua zaidi anazoa fedha. Hebu linganisha. Kujinyima na kujichosha, mwenye mwili mwembamba akivifanya, tunapigiwa muziki wa huzuni. Mwenye mwili mnene akivifanya, makofi. Watafiti waliowafuatilia washiriki 14 miaka sita baadaye walitoa matokeo yao mwaka 2016: karibu wote walikuwa wamerudisha uzito, na miili yao ilikuwa inachoma nishati kidogo kuliko ilivyotarajiwa.

Najua jibu nitakalopewa: bila picha, mama atajuaje kwamba mwanawe anaumwa? Ni hoja nzito. Ila mama anayesubiri mbavu atachelewa. Anachoweza kukiona mapema ni mtoto ambaye kila chakula kikipakuliwa ana sababu ya kutoka, anayesema ameshakula kwa rafiki, anayepika kwa ajili ya wote na yeye haonji. Hayo yanapigika picha. Meza tu inatosha, na kiti kitupu. Mwandishi wa tamthilia akitaka, anaweza.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba mahojiano yale ninayoyasifu yalipatikana kwa hila. Mwaka 2021 uchunguzi wa Lord Dyson ulithibitisha kwamba mtangazaji, Martin Bashir, alitengeneza nyaraka bandia za benki na kumwonyesha kaka yake Diana ili afike kwa Diana. Prince William akasema mahojiano hayo yasirushwe tena kamwe. Mwaka uliofuata The Crown ikayaigiza upya, kiti kwa kiti.

Je, ukweli uliotolewa na mtu aliyedanganywa tuufanye nini? Kumheshimu kwa kunyamaza ni kumrudisha kwenye siri aliyosema ilimtesa. Kurudia kumtazama ni kuendelea kula kilichoibwa. Mimi nimechagua njia ya katikati, ambayo siitetei sana: sifungui video. Nasoma maandishi ya mahojiano yale, mahali ambapo hana mwili wala nywele wala yale macho yaliyopakwa wanja, na kila nikisoma nakwama palepale, pale anaporudi nyumbani jioni, amechoka kufariji watu, anaelekea jikoni.